Menya neno kabla hujafungua kamusi: viambishi awali vya Kilatini katika Kiingereza

Gesti niliyolala safari moja ilikuwa na mabango matatu, na yote matatu yalitaka kusema kwamba hapo kuna malazi. La barabarani liliandikwa “accomodation”. La getini “acommodation”. La mapokezi, lililochorwa na mtu mwenye haraka zaidi, “acomodation”. Mchoraji alijua kuna herufi zinazojirudia mahali fulani; alichokosa ni mtu wa kumwambia zinajirudia kwa nini. Neno hilo lina viambishi awali viwili vya Kilatini vilivyopanga foleni mbele ya mzizi, na kila kimoja kinadai herufi yake. Tutalichambua mbele kidogo, na ukishalielewa hutalikosea hata ukiamshwa usiku wa manane.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekutana na Kiingereza kila siku, kazini, shuleni, kwenye simu, kwenye boksi la dawa, na amechoka kukimbilia kamusi kila neno refu linapochomoza. Huhitaji kujua Kilatini. Unahitaji kisu cha kumenyea, na kisu hicho unacho, maana mzungumzaji wa Kiswahili hukata maneno tangu utotoni. “Mkulima”, “kilimo”, “mlimaji”, “tulilima”: hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba ndani ya yote hayo kuna “lim”.

Tofauti moja tu uiweke kichwani. Kiambishi awali chetu hueleza zaidi nani na ngeli ipi. Cha Kilatini, mara nyingi, hueleza upande: ndani, nje, juu, chini, mbele, nyuma, pamoja, mbalimbali. Kwa Warumi, vingi kati ya viambishi hivyo vilikuwa vihusishi vinavyosimama vyenyewe, “ex” yaani kutoka ndani ya, “ad” yaani kuelekea kwa, “sub” yaani chini ya, halafu vikanata kwenye vitenzi. Sisi kazi ya namna hiyo huifanyia mwishoni: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kwa hiyo ukikutana na neno la Kiingereza, ile “-ua” yako itafute mlango wa mbele.

Hatua ya 1: Ona picha, usikariri orodha

Kosa la kwanza ni kuchora jedwali daftarini, “re-” ni tena, “de-” ni chini, na kulikariri. Jedwali hilo litakuangusha kwenye neno la tatu. Afadhali uchukue mzizi mmoja uuzungushe pande zote.

Chukua “ject”. Umetoka kwenye kitenzi cha Kilatini “iacere”, kutupa. “Inject” ni kutupa ndani. Nesi anapokuchoma sindano anaitupa dawa ndani ya mwili. “Eject” ni kutupa nje, na ndicho kitufe kilichokuwa kikitema kanda kwenye redio kaseti. “Reject” ni kutupa nyuma: barua yako ya maombi inarudi ilikotoka. “Project” ni kutupa mbele. Projekta hutupa picha mbele ukutani, na mradi ni jambo ulilolirusha mbele yako, hujalifikia bado. “Interject” ni kutupa neno katikati ya maneno ya mwenzio. “Subject” ni aliyetupwa chini, ndiyo maana watu wa mfalme waliitwa hivyo hata kabla neno halijafika kwenye ratiba ya masomo. Na “object” ni kitu kilichotupwa mbele ya macho, au mbele ya njia. Wakili anaposimama na kusema “I object”, ametupa gogo barabarani.

Mtupo ni uleule mara saba. Kilichobadilika ni upande. Na pande zenyewe, zile utakazokutana nazo kila siku, ni hizi. “In-” huingia, “ex-” hutoka. “Ad-” hukaribia, “ab-” na “de-” huondoka, ila “de-” mara nyingi huondoka kwa kushuka. “Sub-” iko chini, “super-” iko juu. “Pre-” na “ante-” hutangulia, “post-” hufuata. “Pro-” husonga mbele, “re-” hurudi. “Con-” hukusanya, “dis-” hutawanya, “se-” hutenga kitu pembeni. “Inter-” ni baina ya vitu viwili, “intra-” ni ndani ya kitu kimoja. “Trans-” huvuka, “per-” hupenya hadi upande wa pili, “circum-” huzunguka, na “ob-” husimama njiani kama trafiki aliyenyoosha mkono.

Sasa fanya mwenyewe na “port”, kubeba: “import”, “export”, “transport”, “deport”, “report”, “support”. Nne za kwanza hazitakusumbua. “Report” ni kubeba habari na kuirudisha kwa aliyekutuma, na “support” ni kubeba kwa kuingia chini ya mzigo, kama vijana wanaosukuma mkokoteni kutoka nyuma mlimani lakini wakiwa chini yake.

Hatua ya 2: Anza na maneno yaliyomo mfukoni mwako

Sehemu kubwa ya viambishi hivi tayari unaitamka kwa Kiswahili.

Panda daladala. Neno “basi” ni mabaki ya “omnibus”, Kilatini kwa maana ya “kwa ajili ya wote”. Kiingereza kilikata kichwa kikabaki na “-bus”, ambayo kwa Mrumi ni kipande cha kiishio tu, haina maana yoyote peke yake. Sisi tukaiongezea “i”. Yaani kila asubuhi watu wazima tunagombania kupanda kiambishi tamati. Na anayedai nauli ni konda, “conductor”: “con-”, pamoja, na “ducere”, kuongoza. Ni mtu anayewaongoza abiria kwa pamoja, maelezo ambayo abiria wa saa kumi na mbili jioni angeyabishia. Kutoka kwenye “ducere” hiyohiyo unapata “introduce”, kumwongoza mtu aingie. “Reduce”, kurudisha nyuma. Na “produce”, kutoa mbele za watu, ambako ndiko walikotoka maprodyuza wa studio.

Shuka uingie benki. Unafika kaunta, unataja namba ya akaunti, karani anaitazama kompyuta. Maneno matatu, mzizi mmoja: “putare”. Warumi walilitumia neno hilo kwa kupogoa mimea na kusafisha, halafu kwa kukokotoa na kufikiri. “Computare” ni kuweka pamoja na kukokotoa. Vinywa vya Wafaransa vililitafuna mpaka likabaki “conter”, na Waingereza wakalipokea kama “count”. Kaunta ilikuwa meza ya kuhesabia fedha. Weka “ad-” mbele, unapata “account”. Weka “dis-”, kuondoa kwenye hesabu, unapata “discount”, ile diskaunti unayoiomba dukani. Kompyuta imebaki na umbo karibu zima la Kilatini, kwa hiyo haifanani na dada zake, lakini damu ni moja. Na ile maana ya kupogoa haikufa: daktari anayefanya “amputation” anapogoa kwa kuzunguka, “am-” ikiwa ni kipande cha “ambi-”, pande zote.

Wakenya wasikimbilie kuiingiza “kaunti” humu. Jina la kaunti zile 47 limetoka kwenye “comes”, muungano wa “com-” na “ire”, kwenda: mtu anayekwenda pamoja na mkubwa, msindikizaji wake. Baadaye wasindikizaji wa watawala wakapewa maeneo wayatawale, na eneo likachukua jina la cheo. Kaunta na kaunti zimefanana kwa bahati, kama watu wawili waliovaa kitenge kimoja harusini bila kupatana.

Zipo nyingine, nazipitia haraka. Kampuni ni “com-” na “panis”, mkate: watu wanaokula mkate pamoja. Rekodi ni “re-” na “cor”, moyo. Kwa Warumi kukumbuka kulikuwa kurudisha jambo moyoni. Biskuti ni “bis”, mara mbili, na “coctus”, kilichopikwa, kwa kuwa zamani ilichomwa mara ya pili ikauke isioze safarini. Balansi inayobaki kwenye akaunti ni “bi-” na “lanx”, sahani: ni mizani yenye sahani mbili. Prifekti wa shuleni, kwa wengine kiranja, ni “pre-” na “facere”: aliyewekwa mbele. Na kijana anayemlalamikia “eks wangu” mtandaoni ametumia kihusishi cha Kilatini kilichobaki peke yake, kimeachwa na nomino yake. Inafaa.

Hatua ya 3: Mjue kinyonga

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo Mswahili ana nafuu kuliko wote.

Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, na nyumba ndefu. Kiambishi ni kilekile, n-. Mbele ya “b” midomo hujifunga mapema na “n” inakuwa “m”. Ikikutana na “refu” zinapatana kuwa “ndefu”. Hakuna aliyekukalisha darasani kwa hilo, mdomo wenyewe ulikataa “nbaya”. Midomo ya Warumi nayo ilikataa. “In-” mbele ya p, b na m ikawa “im-”: “impossible”, “imbalance”, “immobile”. Mbele ya l ikawa “il-”, “illegal”; mbele ya r ikawa “ir-”, “irregular”. “Con-” inakuwa “com-” katika “combine”, “col-” katika “collect”, “cor-” katika “correct”, na mbele ya irabu inabaki “co-”, “cooperate”. “Sub-” hujificha ndani ya “suffer”, “succeed”, “suggest” na ile “support” ya juu. “Ob-” imo ndani ya “occur”, “offer” na “oppose”. “Dis-” imo ndani ya “differ” na “difficult”. “Ex-” imo ndani ya “effect”, na katika “emit” imebaki “e” tupu.

Bingwa wao ni “ad-”. Huyu hujigeuza kadiri ya jirani: “accept”, “affect”, “aggressive”, “allocate”, “announce”, “appear”, “arrest”, “assist”, “attend”. Yote hayo ni “ad-”, kuelekea.

Kanuni ya kazi ni hii: ukiona konsonanti mbili zinazofanana karibu na mwanzo wa neno refu, shuku kwamba ya kwanza ni kiambishi kilichobadili nguo. Si sheria ya chuma, lakini itakufaa mara nyingi kuliko itakavyokuponza.

Sasa turudi kwenye bango la gesti. “Accommodation”: “ad-” iliyogeuka “ac-”, kisha “com-”, kisha “mod”, kutoka “modus”, kipimo. Likate hivi: ac, com, mod, ation. C mbili kwa sababu “ac-” inakutana na “com-”. M mbili kwa sababu “com-” inakutana na “mod”. Hakuna herufi ya kukariri. Maana yake ya msingi ni kumpimia mtu mahali panapomfaa, na ndivyo gesti inavyopaswa kufanya.

Kata na haya kwa mtindo huohuo. “Recommend” ni re, com, mend: c moja, maana “re-” haina c ya kutoa, na m mbili. “Disappear” ni dis, ap, pear: s moja, p mbili, kwa kuwa “ap-” ni “ad-”. “Disappoint” vilevile. Lakini “dissatisfied” ni dis na satisfied, kwa hiyo s mbili. “Immigrant” ana m mbili kwa kuwa anaingia, “in-” na “migrant”. “Emigrant” ana moja kwa kuwa anatoka, “e-” na “migrant”. Mtu ni huyohuyo, inategemea umesimama upande gani wa mpaka. Nimewahi kusahihisha barua ya maombi ya viza ambamo mwombaji alijiita vyote viwili ndani ya aya moja, na kwa kweli hakuwa amekosea.

Mizizi nayo hulegea ikishaunganishwa. “Facere”, kufanya, inakuwa “fect” au “fic”. “Capere”, kushika, ni “capt” katika “capture”, lakini “cept” katika “accept” na “ceive” katika “receive”. Risiti ya dukani imetoka humo: ushahidi kwamba pesa zimeshikwa.

Hatua ya 4: Tenganisha wanaofanana sura

Lori la mafuta lenye maandishi “highly inflammable” mgongoni limemdanganya mtu zaidi ya mmoja. “In-” anaijua, ni kukanusha. Basi mzigo haushiki moto. Kinyume chake. Kuna “in-” mbili ambazo kwa asili hazina uhusiano. Moja ni ya kukanusha, “incomplete”, “invisible”. Nyingine ni ya kuingia, na ndiyo iliyomo ndani ya “inflammare”, kutia moto. “Inflammable” na “flammable” zina maana moja, na kwa kuhofia ajali wataalamu wa usalama walihimiza iandikwe “flammable”. “Invaluable” nayo hutega: si kisicho na thamani, ni kisichoweza kuthaminishwa kwa bei kwa jinsi kilivyo adimu. Kuzitofautisha, uliza neno limejengwa juu ya nini. Ikiwa msingi ni kivumishi kinachojitegemea, “complete”, “visible”, huenda ni kanusho. Ikiwa msingi ni kitenzi cha tendo, “flame”, “ject”, “port”, huenda ni kuingia.

“Un-” siyo ya Kilatini kabisa. Ni ya Waingereza wa kale wenyewe, wa ukoo mmoja na Wajerumani. Ndiyo maana unaona “unable” lakini “inability”, “unequal” lakini “inequality”, “unjust” lakini “injustice”. Nomino yenye mkia wa Kilatini hupenda kiambishi cha Kilatini. Kivumishi kilichozoeleka midomoni huvaa cha nyumbani. Ni kadirio, lakini mwanafunzi wa mtihani linamtosha.

“Ante-” na “anti-” zinatofautiana kwa irabu moja na kwa lugha nzima. “Ante-” ni ya Kilatini, kabla: “antenatal” kwenye kadi ya kliniki ya mama mjamzito ni kabla ya kuzaa, na “postnatal” ni baada. “Anti-” ni ya Kigiriki, dhidi ya. Vidonge vya ARV, yaani “antiretroviral”, vimebeba viambishi viwili vya ugenini: “anti-” ya Kigiriki, halafu “retro-” ya Kilatini, nyuma, kwa sababu kirusi cha aina hiyo hufanya kazi kinyumenyume, kikiandika DNA kutokana na RNA. Na kama simu yako inaonyesha AM na PM, hizo ni “ante meridiem” na “post meridiem”, kabla na baada ya adhuhuri. Saa ya Kiingereza huhesabu kutoka usiku wa manane na kutoka adhuhuri, sisi, kama Mrumi mwenyewe, tunahesabu kutoka jua linapochomoza; ndiyo maana 7 AM ni saa moja na hakuna aliyekosea.

Wapo pia wasio viambishi hata kidogo. Posta haina “post-” ya baadaye, ingawa barua huchelewa. Imetoka kwenye “ponere”, kuweka, yaani vituo vilivyowekwa njiani. Semina haina “semi-” ya nusu. Ni “seminarium”, kitalu cha mbegu. Disemba haina “dis-”, ni “decem”, kumi, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa kumi Warumi walipoanza mwaka na Machi.

Hatua ya 5: Uliza neno limepita njia gani

Kilatini kiliingia Uingereza kwa milango kadhaa. Mwaka 597 Agostino alitumwa kutoka Roma na Papa Gregori akatua Kent, na kanisa likaleta maneno yake. Mwaka 1066 William wa Normandy akaiteka nchi, na kwa muda mrefu mahakama na ikulu zikaongea Kifaransa, ambacho ni Kilatini kilichozeeka. Kisha karne ya 16 na ya 17 wasomi wakachota moja kwa moja vitabuni. Wengine wakajitengenezea: “international” ni kazi ya Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18.

Hili lina faida ya kazi, kwa sababu kiambishi kilichopita Ufaransa hurudi na sura nyingine. “Super-” inarudi kama “sur-”: “surface” na “superficial” zimejengwa kwa vipande vilevile vilivyopita njia mbili, na “surname” ni jina la juu ya jina. “In-” inarudi kama “en-”: “enclose” na “include” ni ndugu. “Enemy” ndiye aliyejificha zaidi. Ni “inimicus”, “in-” ya kukanusha na “amicus”, rafiki. Asiye rafiki. “Arrive” ni “ad-” na “ripa”, ukingo wa maji. Kufika, kwa asili, kulikuwa kutia nanga. Mtu wa Lamu au Kilwa angelielewa neno hilo bila mwalimu. “Escape” ni “ex-” na “cappa”, joho: kuchomoka ndani ya joho na kumwachia aliyekukamata nguo mkononi. Kila machinga aliyewahi kumwachia mgambo shati analijua tendo hilo kwa vitendo.

Lakini usiutegemee mzizi kama shahidi wa maana ya leo. Neno huhama. “Disaster” ni “dis-” na “astro”, nyota: nyota mbaya, kama vile tunavyosema nyota ya mtu imefifia. Ripoti ya mafuriko haizungumzii nyota. “Secure” ni “se-” na “cura”, bila wasiwasi, na mlinzi wa usiku hajawahi kuwa mtu asiye na wasiwasi. Mara nyingine, hata hivyo, lugha mbili zisizojuana hukutana njiani. “Decide” ni “de-” na “caedere”, kukata. Mrumi naye alikata shauri.

Hatua ya 6: Jaribu kisu kwenye boksi la dawa

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ni uwanja mzuri wa mazoezi, kwa kuwa imejaa Kilatini. Dozi muulize mfamasia. Wewe chukua maneno.

“Intravenous”: “intra-”, ndani ya, na “vena”, mshipa. Ni dawa ya kupitisha mshipani. “Intramuscular”: ndani ya msuli, na “musculus” kwa Kilatini ni kipanya, “mus” iliyotiwa udogo kama tunavyoweka “ki-”. Kunja mkono utamwona akikimbia chini ya ngozi. “Subcutaneous”: “sub-”, chini, na “cutis”, ngozi. Maneno matatu ambayo yangeweza kukutisha, na kumbe yanaeleza tu sindano iishie wapi.

“Prescription”: “pre-” na “scribere”, kuandika. Ni lazima kuandikwe kwanza ndipo upewe. Dawa yenye maneno “prescription only” hainunuliwi kwa kunyooshewa kidole kwenye shelfu. “Interactions”: “inter-” na “agere”, kutenda, yaani dawa hii na nyingine zikikutana zitatendana nini. “Contraindications” inaonekana kama treni, basi ikate mabehewa: “contra-”, kinyume, “in-”, kuelekea, “dic”, kuonyesha au kutaja. Dalili zinazoelekeza kinyume. Hapo wameorodheshwa watu ambao dawa hii si yao.

“EXP” ni “ex-” na “spirare”, kupumua. “S” ilimezwa na x. Kutoa pumzi ya mwisho. Dawa iliyo “expired” imekata roho, kwa Kilatini na kwa Kiswahili.

Na kwenye vichupa vingi vya matone ya macho utakuta mstari huu: “Discard 28 days after opening”. “Dis-” unaijua. “Card” ni karata. Ni mchezaji anayetupa karata asiyoihitaji mezani. Karata yetu tuliipata kwa Wareno, waliosema “carta”, na carta hiyo na card ya Kiingereza zote ni watoto wa “charta” ya Kilatini. Hesabu siku 28, kisha itupe.